Vifaru wa Theluji

Ndugu msomaji, wewe uliyezaliwa chini ya jua la Ikweta kama mimi, hebu fumba macho kidogo uone jambo hili. Kifaru, mnyama mzima wa tani mbili, amesimama penye theluji. Pumzi inamtoka puani kama moshi wa jiko la kuni. Nyuma yake kuna nyumba yenye joto la kutengenezwa, mbele yake kuna uzio, na ng'ambo ya uzio kuna mtoto mwenye mashavu mekundu, kofia ya sufu imemfunika hadi masikioni, anamkodolea macho. Hiyo si ndoto wala si katuni. Ni mji mdogo uitwao Dvůr Králové nad Labem, katika Jamhuri ya Cheki, karibu na milima ya Krkonoše. Jina hilo ukilichambua utapata kitu kama "Makao ya Malkia kando ya mto Labe". Na katika mji huo wa malkia, kwa miaka thelathini na nne, aliishi dume mmoja aliyeitwa Sudan, ambaye baadaye alikuja kuwa dume wa mwisho wa kabila lake duniani.

Utaniuliza: sasa wewe kijana wa Nanyuki, ambaye hata pasipoti huna, mambo ya Wacheki yanakuhusu nini? Swali zuri. Mama yangu huliuliza kila mwisho wa mwezi, ila yeye huliweka hivi: "Huyo kifaru wako atatulipia kodi ya nyumba?" Mimi nilimaliza kidato cha nne, karo ikaishia hapo hapo, na tangu wakati huo nimekuwa nikifanya kazi katika duka la kupiga chapa na kutoa nakala karibu na steji ya matatu. Watu wanakuja na barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, matangazo ya mazishi. Mimi napiga chapa. Wateja wakiadimika natoa daftari langu chini ya meza na kuendelea na riwaya. Riwaya yenyewe ni ya kifaru. Basi, mambo ndiyo hayo.

Wacha nianze na bustani yenyewe, maana ina historia ya kusisimua kuliko riwaya nyingi nilizosoma. Ilifunguliwa mwaka 1946, ikiwa bustani ndogo ya wanyama ya mkoani. Katika miaka ya sitini akaja mkurugenzi mmoja, Josef Vágner, mtu aliyeipenda Afrika kama mlevi apendavyo chupa. Akafunga safari baada ya safari kuja kukamata wanyama: twiga, pundamilia, swala wa kila aina, nyati. Kumbuka hiyo ilikuwa Chekoslovakia ya kikomunisti, nchi ambayo raia wake wa kawaida hakuruhusiwa kuvuka mpaka aende akatembee tu. Lakini twiga waliingia kwa makumi. Nikilifikiria hilo huwa nacheka peke yangu. Mnyama wa Afrika aliweza kupita pale ambapo binadamu wa kule hakuweza.

Twiga wale mwisho wao ulikuwa mbaya. Usiku wa Aprili 30, 1975, kundi zima la twiga 49 liliuawa kwa risasi kwa sababu wakubwa walishuku kuwa lina ugonjwa wa miguu na midomo. Lilikuwa kundi kubwa kuliko yote ya twiga waliofugwa duniani. Wengine walikuwa na mimba. Jambo lenyewe likafunikwa funikwa kama yalivyofunikwa mengi ya zama zile. Miaka thelathini na moja ilipita kabla ya mwandishi J. M. Ledgard kutoa riwaya juu ya mkasa huo, mwaka 2006, akaiita *Giraffe*. Ninaitaja kwa sababu moja tu: wapo watakaokwambia kwamba mnyama wa bustanini si mada ya riwaya ya watu wazima. Basi waambie ipo.

Mwaka huohuo wa 1975, mwezi wa Februari, watu wa bustani ile walikuwa Shambe, nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, wakiwinda vifaru weupe wa kaskazini. Siyo kuwaua, kuwakamata. Walipata sita: madume wawili na majike wanne. Sudan alikuwa mmojawapo, mtoto wa miaka kama miwili hivi.

Hapa yafaa nieleze kidogo, maana watu wengi huchanganya. Kifaru mweupe si mweupe. Ni wa rangi ya kijivu, au rangi ya tope aliloligaagaa siku hiyo. Tofauti yake na yule mweusi iko mdomoni: mweupe ana mdomo mpana, mraba kama sepetu, anakula nyasi; mweusi ana mdomo uliochongoka mbele kama kidole, anavuta majani ya vichaka. Halafu hao weupe nao wako matawi mawili. Tawi la kusini lilikaribia kwisha zamani, likahifadhiwa Afrika Kusini na kuzaana hadi maelfu. Tawi la kaskazini ndilo lililokuwa letu, la ukanda huu: Uganda kule West Nile, Sudan, Kongo kule Garamba, Afrika ya Kati na Chad. Mwaka 1960 walikuwa kama elfu mbili. Mtu aliyezaliwa mwaka huo hajawa mzee wa kutembelea mkongojo, na leo, ninapoandika haya, wamebaki wawili. Wote majike. Mama na binti.

Sasa majina. Mimi ni mtu wa majina. Siwezi kuandika ukurasa kama sijapata jina la mhusika. Wale wa Shambe waliitwa Sudan, Saut, Nola, Nuri, Nadi na Nesari. Jike mwingine, Nasima, alitokea Uganda akapitia Uingereza, akafika Cheki mwaka 1977. Yasome tena polepole ewe mwana wa Kiswahili. Saut: si ni sauti hiyo, imepungukiwa irabu tu? Nuri: nuru. Nadi: mimi nikilisikia namwona mnadishaji wa mnada wa mbuzi akipaza sauti, nani zaidi, nani zaidi. Sijui waliotoa majina hayo walikusudia nini, lakini sikio langu linayasikia hivyo na halikatazwi. Na dume mwingine wa kabila hilo, aliyeishi bustani ya San Diego huko Marekani, aliitwa Angalifu. Angalifu! Kivumishi kitupu, hakina kiambishi, kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Kwa sarufi yetu ingekuwa Mwangalifu. Nimejiuliza mara nyingi huyo "M" alidondokea wapi, kabla ya ndege au baada ya ndege. Angalifu alikufa Desemba 2014 kwa uzee.

Haya. Kule kwenye theluji wakazaa. Hilo lazima niliseme kwa haki, kwa sababu hakuna bustani nyingine duniani ambako vifaru weupe wa kaskazini walizaliwa. Alizaliwa Suni mwaka 1980, Nabire mwaka 1983, Najin mwaka 1989. Halafu kimya cha miaka kumi na moja. Halafu, mwaka 2000, Najin akamzaa Fatu. Fatu, kama Fatuma aliyeitwa kwa haraka na mama yake aliye jikoni. Baada ya Fatu hakuzaliwa tena mwingine bustanini, si huko wala katika bustani nyingine yoyote.

Kwa nini walikoma? Wataalamu wana maelezo, na maelezo hayo yaliniingia moyoni kuliko takwimu zote. Jike wa kifaru akikaa muda mrefu bila kushika mimba, mwili wake hauketi ukimngoja dume. Mfuko wa uzazi unaanza kuota uvimbe na maji, mayai yanapungua, mlango unafungwa. Kwa maneno mengine, kwake yeye kungoja ni ugonjwa. Nabire alikufa Julai 2015 kulekule alikozaliwa, kwa uvimbe uliopasuka tumboni. Vijana wenzangu tuliomaliza shule tukaambiwa tungoje, tungoje, mambo yatakuwa mazuri, mnanielewa.

Kuna mabishano ambayo yamenisumbua tangu nianze kuandika, na nitayaweka mezani yalivyo. Mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye amechunga ng'ombe maisha yake yote na hana simile na Mzungu, husema: "Waliiba. Wakachukua mtoto kwa mamake, wakamtia sandukuni, wakampeleka kwao kufanyiwa maonyesho. Na leo eti tuwashukuru?" Mtu akimsikiliza mjomba hawezi kusema ni uongo. Watu wa Shambe hawakuulizwa. Na Sudan mwenyewe hakuulizwa.

Lakini tufuate na waliobaki nyumbani. Uganda, vita na serikali za bunduki vilipokwisha kupita, kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini hapakuwa tena na kifaru hata mmoja porini. Sudan, vita. Garamba huko Kongo ndiko walikojikaza. Mwaka 1984 walihesabiwa kama kumi na watano, wakalindwa na watu hodari, wakaongezeka hadi kama thelathini. Kisha majangili wenye farasi na bunduki za kivita wakaingia kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2005 walionekana wanne. Baada ya miaka michache hakuna aliyeonekana tena. Kwa hiyo yule mtoto aliyeibwa, kama ni kuibwa, alibaki hai kwa sababu aliibwa. Mjomba nilipomweleza hivyo alinyamaza, akatema mate pembeni, akasema, "Basi hata mwizi huweza kuwa bawabu." Neno hilo nimeliiba mimi nami, liko sura ya pili.

Si vifaru peke yao. Swala mkubwa wa China, milu, aliisha kabisa kwao. Waliobaki walikuwa wale kumi na nane aliowakusanya bwana mkubwa mmoja wa Uingereza katika shamba lake la Woburn, na ni kizazi chao kilichorudishwa China mwaka 1985. Farasi mwitu wa Mongolia vivyo hivyo: daftari la ukoo wake, nani mtoto wa nani, linaandikwa Prague tangu mwaka 1959, na mwaka 1992 wakaanza kurudishwa nyikani kwao. Okapi wa msitu wa Ituri, ambaye ndugu zetu Waswahili wa Kongo wanamjua vizuri kuliko sisi, alifika Antwerp huko Ubelgiji mwaka 1919, na mpaka leo ukoo wake wa bustanini huandikwa hukohuko. Mwaka 2012 waasi waliposhambulia kituo cha Epulu, waliua watu na okapi kumi na wanne waliokuwa wakitunzwa pale. Na kinyume cha hao wote yuko kwaga, aina ya pundamilia wa Afrika Kusini mwenye mistari nusu mwili. Wa mwisho alikufa katika bustani ya Amsterdam Agosti 12, 1883. Waliokuwa wakimlisha hawakujua kuwa ni wa mwisho. Walikufa wote na hakuna aliyepiga kelele. Kati ya hadithi zote za bustani za Ulaya, hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Afadhali kufa ukiliwa na simba kuliko kuwa wa mwisho na mtu asijue!

Sasa turudi kwa wetu. Desemba 2009 Wacheki waliamua jambo ambalo wengi kwao walilipinga. Vifaru wanne, Sudan, Suni, Najin na Fatu, walitiwa kwenye masanduku, wakapandishwa ndege Prague, wakashushwa Nairobi, na Desemba 20 wakaingia Ol Pejeta, hapa kwetu Laikipia. Matumaini yalikuwa kwamba jua, nyasi na nafasi vingewaamsha. Fikiria Fatu, binti wa miaka tisa, ambaye hajawahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Nchi ya mababu ilikuwa ugenini kwake. Alipaswa kufundishwa Uafrika, tena na vifaru wa kusini waliowekwa naye ili awaige.

Mwanzoni ilionekana kama mambo yatajipa. Mwaka 2012 Suni na Najin walionekana wakipandana, watu wakaanza kuhesabu miezi. Mimba ya kifaru mweupe ni miezi kumi na sita. Ikahesabiwa, ikafika, ikapita. Oktoba 2014 Suni akakutwa amekufa. Mwaka huohuo madaktari wakasema wazi: Najin miguu yake ya nyuma ni dhaifu, haitabeba mimba, Fatu mfuko wake wa uzazi umeharibika.

Sudan nilimwona kwa macho yangu mwaka 2016. Tulikwenda na chama cha wanyamapori cha shule. Watoto wengi wa mji wetu hawajawahi kuingia humo, ingawa ni mwendo mfupi kutoka mjini. Kiingilio si cha mfuko wetu, siku ile shule ndiyo iliyolipa. Alikuwa amelala kivulini. Ngozi yake kama gome la mti mkuukuu, nywele ndefu zimezunguka ncha za masikio. Mlinzi aliyekuwa naye, mtu mzima wa makamo, aliongea naye polepole kama unavyoongea na babu ambaye sasa hasikii vizuri. Masikio yalizunguka, moja mbele moja nyuma, kila moja na shughuli yake. Pembe zake zilikuwa zimekatwa. Darasa zima la watoto wa kelele likanyamaza bila kuambiwa. Mmoja wetu akauliza mlinzi, "Anajua?" Mlinzi akasema, "Anajua nini?" Mwanafunzi hakumalizia. Sote tulifahamu alichotaka kuuliza.

Mwaka uliofuata, 2017, wakamtangaza kwenye programu ya simu ya Tinder, ile ya kutafutia wachumba, ati ndiye kapera anayetakiwa kuliko wote duniani. Lengo lilikuwa kuchangisha fedha za utafiti, na mbinu yenyewe ilikuwa ya akili, sikatai. Lakini nilipoona picha ile nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Mzee wa miaka arobaini na zaidi, hawezi hata kusimama muda mrefu, anaposwa kwa simu!

Machi 19, 2018 akafa. Mifupa na misuli vilikuwa vimechoka, vidonda haviponi, siku ya mwisho hakuweza kabisa kuinuka, madaktari wakamchoma sindano ya kumpumzisha. Nilikuwa ningali shuleni. Nakumbuka habari ilisomwa redioni, na mpishi wa shule, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, alisimamisha upawa wake hewani hadi taarifa ikaisha.

Na msidhani kule Ulaya kulikuwa salama siku zote. Machi 2017, katika bustani ya Thoiry, karibu na Paris, majangili waliruka uzio usiku, wakampiga risasi kifaru wa miaka minne aitwaye Vincent, wakakata pembe yake. Paris, jamani! Mji wenye polisi na kamera kila kona. Hao wa Dvůr Králové wakaingiwa na hofu, wakaamua kukata pembe za vifaru wao. Pembe, ambayo ni kitu kilekile cha kucha zako na zangu, imewindwa mpaka kwenye theluji.

Rafiki yangu tuliyeketi dawati moja ni askari wa kulinda vifaru katika moja ya mashamba ya wanyama huku kwetu. Analala nje na bunduki, baridi inamkata, mvua inamnyeshea, kwa mshahara ambao nikikutajia utaniuliza kama ni wa wiki. Siku moja alinieleza kwamba alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Mtu huyo hakutaka mengi. Alitaka tu kujua kundi fulani hulala upande gani mwezi ukiwa mchanga. Pesa aliyotajiwa ingejenga nyumba ya mawe na kumtoa mama yake katika vibanda. Sheria yetu ya mwaka 2013 ilipotungwa ilikuwa kali, ukiua kifaru ilikuwa faini ya shilingi milioni ishirini au kifungo cha maisha, lakini rafiki yangu hakunitajia sheria. Nilimuuliza, "Ukajibu nini?" Akasema, "Nilizima simu, nikaivunja kadi, nikanunua nyingine. Halafu nikaenda kulala karibu nao." Kisha akaniuliza, na hapo ndipo kwenye mfupa wa jambo: "Wewe unayeandika, hebu niambie. Fatu akiumwa jino, daktari anatoka Ujerumani. Mimi nikiumwa jino?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Najua hoja ya watalii, najua hoja ya viumbe vyote kuwa na haki ya kuishi. Ni hoja nzuri. Jaribu kumpa mtu anayeumwa jino.

Hata hivyo nataka uone wanachofanya hao madaktari, maana si mchezo. Agosti 22, 2019 walitoa mayai kumi kwa Najin na Fatu, wakiwa wamelazwa kwa dawa, kwa sindano ndefu inayoongozwa na mashine ya kuonea ndani ya mwili. Mayai yakasafirishwa mbio hadi Cremona, mji wa Italia, yakaunganishwa na mbegu za kiume zilizogandishwa zamani: mbegu za Suni na za Angalifu. Naam, yule Angalifu asiye na kiambishi. Wafu wawili wakaitwa kuwa mababa. Najin alistaafishwa mwaka 2021 kwa umri wake. Viinitete vyote vilivyopatikana ni vya Fatu. Kufikia Januari 2024 vilikuwa thelathini, vimehifadhiwa Berlin na Cremona katika nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Theluji ya Dvůr Králové ni uji wa moto ukilinganisha na hiyo. Ukoo mzima umelala kwenye barafu, unangoja tumbo.

Tumbo lenyewe ni la majike wa kusini walioko Ol Pejeta. Septemba 2023 walijaribu kwanza kwa kiinitete cha kusini, kuona kama njia inapitika. Ikapitika! Jike aitwaye Curra alishika mimba, mara ya kwanza katika historia kwa kifaru kushika mimba kwa njia hiyo. Halafu Novemba mvua kubwa zikanyesha, mafuriko yakaibua vijidudu vilivyokuwa vimelala ardhini, Curra akafa. Walipompasua walikuta ndama dume wa siku sabini, urefu wake sentimita sita na pointi nne. Sentimita sita na pointi nne ni kama kidole changu hiki cha kati ninachopigia herufi "k". Niliposoma hivyo nilifunga duka mapema.

Kinachowaharakisha wataalamu si mitambo. Ni kwamba ndama atakapozaliwa kwa mama wa kusini, nani atamfundisha kuwa wa kaskazini? Namna ya kuita, namna ya kusimama na wenzake, hayo hayamo kwenye barafu. Yamo kwa Najin na Fatu tu. Najin alizaliwa 1989, hesabu mwenyewe. Kaskazini mwa hapa, kule Doldol, kuna jamii ya Wayaaku. Walikuwa na lugha yao, watu wa asali na msitu, wakaiacha polepole wakashika Kimaasai, hadi lugha ikabaki vinywani mwa wazee wachache wa kuhesabika. Leo wapo vijana wanaojifunza maneno yake kutoka kwa karatasi. Mmoja aliniletea orodha nimpigie chapa: jina la nyuki, jina la mzinga, jina la mto. Sikumtoza pesa.

Kuhusu riwaya. Mswada wa kwanza niliupeleka kwa mchapishaji mmoja wa Nairobi, kifaru mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimulia. Ulikaa miezi minane ukarudi na barua ya mistari miwili: hadithi za wanyama ni za watoto, nipunguze kurasa, niongeze picha. Nilikasirika wiki nzima. Rafiki yangu askari alipousoma aliniambia jambo lenye faida zaidi. "Kifaru hasemi," alisema, "na hapo ndipo uzito wake. Ukimpa maneno unampunguza." Kwa hiyo nimeandika upya. Msimulizi sasa ni mlinzi, na kifaru ananyamaza kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Sura ya tatu ni ule usiku wa Desemba 2009. Nimewaweka kwenye masanduku, nimewapakia ndege, nimewashusha Nairobi, lori limeanza kupanda kuja huku. Tatizo ni pale mlango wa sanduku unapofunguliwa. Rafiki yangu amewahi kuona kifaru akiamka kutoka usingizi wa dawa, na anasema kabla ya macho kufunguka sikio moja huanza kutikisika. Sikumuuliza ni lipi. Jumapili akipata ruhusa atapita dukani. Nimeacha nafasi ya mistari mitatu daftarini.